Namna ya Kuyasoma Majibu ya Papa Paulo III kwa Uprotestanti: Mwongozo kwa Mwanafunzi na Mwalimu wa Historia

Mwanafunzi akiulizwa Kanisa Katoliki lilifanya nini baada ya Martin Luther, mtawa wa Kijerumani aliyeyapinga mafundisho ya Roma, mara nyingi hujibu kwa orodha: Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu), shirika la watawa wa Kijesuiti, mahakama ya uzushi (yaani ya kuhukumu mafundisho yanayopingana na ya Kanisa), marufuku ya vitabu. Orodha hiyo haina uongo mkubwa, lakini haina uhai. Humfanya msomaji adhani kwamba siku moja Papa aliketi, akaandika mpango wa mambo manne, kisha akayatekeleza moja baada ya jingine. Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo, na nimeridhika kwamba kosa halitokani na uvivu wa mwanafunzi bali na mpangilio wa somo lenyewe, ambalo hufundishwa kwa mada badala ya kufundishwa kwa tarehe. Mwongozo huu unafuata njia ya pili. Mhusika wake ni Alessandro Farnese, yaani Papa Paulo III, aliyechaguliwa tarehe 13 Oktoba 1534 akiwa na umri wa miaka 66 na kufariki tarehe 10 Novemba 1549. Katika miaka hiyo 15 alijaribu njia kadhaa, nyingine zikivutana zenyewe kwa zenyewe, na hakuna hata moja inayoeleweka mpaka iwekwe mahali pake katika kalenda, kando ya ile iliyoitangulia na ile iliyoifuata.

Andaa karatasi, na uchague maneno yako

Chukua karatasi pana, uilaze, uigawe safu nne. Safu ya kwanza ni ya tarehe. Ya pili ni ya jambo aliloamuru au kuliidhinisha Papa. Ya tatu ni ya mtu aliyemzuia au aliyemsukuma. Ya nne ni ya kile kilichotokea kweli. Safu ya tatu iachie nafasi kubwa kuliko nyingine zote, kwa kuwa ndiyo itakayokuonyesha kwamba Papa hakuwa peke yake uwanjani: palikuwa na Kaisari Charles V, mtawala wa dola iliyojumuisha nchi za Kijerumani, mfalme Francis I wa Ufaransa, watawala wa Kijerumani waliomfuata Luther, makardinali wa Roma waliokula matunda ya hali ilivyokuwa, na ukoo wa Papa mwenyewe.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, amua utatumia maneno gani. Anayesema Matengenezo ya Kanisa amekwisha kukubali kwamba kitu kiliharibika na kwamba Luther ndiye aliyekuwa fundi wake. Anayesema uasi amekwisha kutoa hukumu ya upande wa pili. Mimi husema Uprotestanti, jina lililotokana na malalamiko rasmi ambayo watawala na miji iliyomfuata Luther iliyawasilisha mjini Speyer mwaka 1529, kwa sababu ni jina la tukio na halimbebeshi msomaji hukumu kabla hajasoma. Mwalimu anayefundisha darasa lenye Wakatoliki, Walutheri na Waislamu pamoja atauona upesi umuhimu wa jambo hili.

Anza na deni alilorithi

Mistari ya kwanza ya karatasi iwe ya kabla ya mwaka 1534. Tarehe 15 Juni 1520 Papa Leo X alitoa hati iitwayo *Exsurge Domine*, iliyolaani hoja 41 za Luther na kumpa siku 60 za kuzikana. Luther aliichoma hati hiyo hadharani mjini Wittenberg tarehe 10 Desemba mwaka huo, na tarehe 3 Januari 1521 akatengwa na Kanisa. Hilo lilikuwa jibu la kisheria: kosa limetajwa, muda umetolewa, adhabu imefuata. Halikuzima kitu. Papa Klementi VII, aliyekuja baadaye, aliombwa mara kwa mara aitishe mtaguso mkuu wa maaskofu na kila mara akatafuta sababu ya kuahirisha.

Usipite hapa haraka bila kueleza hofu hiyo, kwa maana bila yake hadithi yote ya Trento itaonekana kama uzembe. Mtaguso wa Konstanz, wa 1414 hadi 1418, uliwaondoa mapapa waliokuwa wakigombea kiti na kutangaza kwamba mtaguso una mamlaka ambayo hata Papa hana budi kuyatii. Tangu hapo kila Papa alijua kwamba kuitisha mtaguso ni kuwakusanya watu wanaoweza kumhukumu. Tena Luther mwenyewe alikwisha kukata rufaa kwa mtaguso mwaka 1518. Kwa hiyo neno mtaguso, masikioni mwa Roma, lilikuwa na sauti ya silaha iliyo mikononi mwa mtu mwingine.

Wasome makardinali wake kabla ya kuzisoma hati zake

Ukitaka kumjua Paulo III, tazama aliowapa kofia nyekundu, yaani ukardinali, na uwaandike katika safu mbili zinazotazamana, kando na zile nne.

Safu ya kwanza: mwezi Desemba 1534, miezi miwili tu baada ya kuchaguliwa, aliwafanya makardinali wajukuu zake wawili, Alessandro Farnese mwenye umri wa miaka 14 na Guido Ascanio Sforza mwenye umri wa miaka 16. Naam, wajukuu. Alikuwa na watoto kabla ya kupewa upadri mwaka 1519, na yeye mwenyewe alipata ukardinali mwaka 1493 kwa mkono wa Papa Aleksanda VI, ambaye dada yake Farnese, Giulia, alikuwa mpenzi wake.

Safu ya pili: mwezi Mei 1535 alimpa ukardinali Gasparo Contarini, mwanadiplomasia wa Venezia ambaye hata padri hakuwa, msomi aliyeheshimika kwa unyofu wake. Mwaka 1536 wakafuata Gian Pietro Carafa, Jacopo Sadoleto na Mwingereza Reginald Pole, na mwaka 1542 Giovanni Morone. Hawa walikuwa watu waliotaka Kanisa lisafishwe, ingawa hawakukubaliana lisafishwe vipi.

Mwanafunzi hupenda kuuliza ni safu ipi inayomwonyesha Paulo wa kweli. Mfundishe aziache zote mbili. Mtu huyo mmoja aliamini kwamba ukoo wake unastahili kutunzwa kwa mali ya Kanisa, na pia aliamini kwamba Kanisa likiendelea hivyo litapotea, na kwa miaka 15 hakuacha imani yoyote kati ya hizo mbili. Ukipata nakala ya picha ambayo mchoraji Tiziano alimchora mnamo 1546 pamoja na wajukuu zake Alessandro na Ottavio, iliyoko sasa katika jumba la Capodimonte mjini Napoli, iweke mbele ya darasa. Mzee ameinama kitini, uso umegeuka kumtazama Ottavio anayemwinamia kwa heshima. Alessandro amesimama nyuma katika vazi la kikardinali, mkono ukiwa juu ya kiti. Picha haikumalizwa. Waache wanafunzi waitazame dakika tano kimya kabla ya kuongea.

Taarifa ya mwaka 1537 isomwe neno kwa neno

Mwaka 1536 Paulo III aliteua tume ya watu tisa, Contarini akiwa mkuu wake, Carafa, Sadoleto na Pole wakiwamo, awaulize ni nini kinachoumiza Kanisa. Mwezi Machi 1537 walimkabidhi taarifa yao, *Consilium de emendanda ecclesia*, yaani ushauri juu ya kulirekebisha Kanisa. Kama una nafasi ya kusoma hati moja tu kwa ukaribu, soma hii. Ni fupi, na ukali wake hushangaza.

Tafuta kwanza mahali wanapotaja chanzo cha ugonjwa. Hawamtaji Luther. Wanasema kwamba mapapa waliotangulia walijizungushia walimu wa kuwapendeza, si wa kuwafundisha, na kwamba walimu hao waliwaambia kwamba Papa ndiye mwenye mali ya vyeo vyote vya Kanisa. Na kwa kuwa mwenye mali akiuza kilicho chake hatendi kosa, basi Papa hawezi kamwe kuwa na hatia ya kuuza vitu vitakatifu. Kutokana na fundisho hilo, wanasema, kama kutoka katika farasi wa Troya, ndipo yalipobubujika madhara yote. Fikiria ujasiri wa kumwandikia Papa hivyo, na ufikirie pia Papa aliyeitaka taarifa hiyo, akaipokea, na hakumwadhibu yeyote kati ya walioiandika.

Kisha fuata mifano yao mmoja mmoja: mapadri wanaopewa upadrisho bila elimu wala tabia, maaskofu wasiokaa majimboni mwao, mtu mmoja kushika majimbo kadhaa kwa ajili ya mapato, na, karibu na mwisho, hali ya mji wa Roma wenyewe, ambapo mgeni huingia katika kanisa la Mtakatifu Petro na kukuta mapadri wachafu, wasiojua kitu, wakiadhimisha misa, na ambapo makahaba hupita mjini juu ya nyumbu kama mabibi wa heshima, wakisindikizwa mchana kweupe na watu wa nyumba za makardinali. Huo ni ushahidi wa watu wa ndani.

Baada ya kusoma, jaza safu ya nne, kwa maana hapo ndipo uchungu ulipo. Taarifa ilikusudiwa kuwa siri. Ilivuja, ikapigwa chapa, na mwaka 1538 Luther aliitoa kwa Kijerumani pamoja na dibaji ya dhihaka na mchoro wa makardinali wakifagia kanisa kwa mikia ya mbweha badala ya mifagio. Mengi ya yaliyopendekezwa yalikwama katika ofisi za Roma, kwa sababu ofisi hizo ziliishi kwa ada zilezile ambazo taarifa ilitaka zifutwe. Mwezi Desemba 1540 Papa aliwaita maaskofu waliokuwa wakiishi Roma akawaagiza warudi majimboni. Wengi walitoa udhuru, na udhuru wao haukuwa wa uongo wote, maana watawala wa nchi na vizuizi vya Roma yenyewe viliwaachia madaraka kidogo huko nyumbani. Wakati huohuo mjukuu wake Alessandro aliendelea kurundikiwa majimbo na abasia, yaani nyumba za watawa zenye mapato.

Jambo jingine la kuonyesha ni lile lisilokuwamo. Taarifa inahusu mwenendo na sheria. Haijibu hoja ya Luther kuhusu namna mtu anavyopata wokovu. Watu hawa tisa walidhani, au walitumaini, kwamba nyumba ikifagiwa watoto watarudi.

Mtaguso: hesabu miaka iliyopotea

Hapa kalenda inafanya kazi kubwa zaidi. Tarehe 2 Juni 1536 Papa aliitisha mtaguso ukutane Mantova mwezi Mei 1537. Charles V na Francis I walikuwa vitani. Watawala wa Kiprotestanti waliokutana katika mji wa Schmalkalden mwanzoni mwa 1537 waliukataa mwaliko, na mtawala wa Mantova akataka gharama za ulinzi wa mji zilipwe. Ukahamishiwa Vicenza, Mei 1538: mabalozi wa Papa walifika, maaskofu hawakufika. Ukaitishwa Trento kwa Novemba 1542: vita vikaanza tena, ukaahirishwa 1543. Mapatano ya Crépy kati ya Kaisari na mfalme wa Ufaransa, Septemba 1544, ndiyo yaliyofungua mlango, na tarehe 19 Novemba mwaka huo Papa akatoa wito mpya. Mtaguso ulifunguliwa tarehe 13 Desemba 1545, na maaskofu pamoja na maaskofu wakuu waliokuwapo siku hiyo hawakufika 30.

Mwambie mwanafunzi atafute Trento kwenye ramani, kisha aeleze kwa nini pale. Wajerumani walidai mtaguso ufanyike katika nchi za Kijerumani. Papa alitaka maaskofu wa Italia wafike bila taabu. Trento ulikuwa mji wa milimani, wenye watu wa lugha ya Kiitalia wengi, lakini ulikuwa ndani ya dola ya Kaisari chini ya askofu mtawala. Jiografia hiyo ni hati ya kisiasa.

Kisha uliza: ni nani aliyekuwa na haki ya kupiga kura, na ni nani aliyepanga ajenda? Kura zilihesabiwa kwa mtu mmojammoja na si kwa mataifa kama ilivyokuwa Konstanz, na wasimamizi watatu waliotumwa na Papa, yaani Giovanni Maria del Monte, Marcello Cervini na Reginald Pole, ndio waliopeleka mambo mezani. Hofu ya Konstanz ilijibiwa hivyo. Papa alitaka mafundisho yatangulie, Kaisari alitaka marekebisho yatangulie ili asiwaudhi Waprotestanti wake kabla ya wakati. Mwezi Januari 1546 maaskofu wakaamua kuyashughulikia yote mawili sambamba, na Roma haikufurahi. Papa hakukanyaga Trento hata siku moja. Aliongoza kwa barua.

Regensburg na Julai 1542 ziwe kwenye ukurasa mmoja

Vitabu vingi huitaja mahakama ya uzushi ya Roma bila kutaja kilichoitangulia, na hilo ni pengo kubwa. Mwaka 1541 Kaisari aliwakutanisha wanateolojia wa pande zote mbili mjini Regensburg, na Paulo III akamtuma Contarini kuwa mwakilishi wake. Kwa upande mmoja walikuwapo Johann Eck, Johann Gropper na Julius Pflug. Kwa upande wa pili Philipp Melanchthon, Martin Bucer na Johann Pistorius. Na walikubaliana maneno kuhusu kuhesabiwa haki, yaani namna mtu anavyokubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, suala lilelile lililoanzisha ugomvi. Kisha wakakwama juu ya ekaristi, yaani mkate na divai ya misa, na mamlaka ya Kanisa. Maneno waliyokubaliana yalikataliwa Roma na yalikataliwa na Luther.

Hesabu sasa miezi. Mazungumzo yalikufa katika majira ya joto ya 1541. Tarehe 21 Julai 1542, kwa hati iitwayo *Licet ab initio*, Papa aliwapa makardinali sita, Carafa akiwa mstari wa mbele, mamlaka ya kuchunguza na kuadhibu uzushi popote. Bernardino Ochino, mhubiri aliyependwa kuliko wote Italia na mkuu wa shirika la watawa wa Kikapuchini, aliitwa Roma katika siku zilezile. Mwezi uliofuata, badala ya kufika huko, alikimbilia Geneva. Peter Martyr Vermigli, mwanateolojia mwingine wa Italia, alikimbia pia. Contarini alifariki mwezi huohuo wa Agosti mjini Bologna.

Mbele ya tarehe hizi mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba mahakama ile haikuanzishwa na mtu ambaye hakuwahi kujaribu mazungumzo. Ataona vilevile kwamba Contarini na Carafa, waliotia sahihi taarifa moja mwaka 1537, waliishia katika njia mbili tofauti, na kwamba Papa alimtumia mmoja hadi alipoona njia yake imefungwa, ndipo akampa nafasi mwingine. Sisemi hayo ili kuipaka mahakama ile rangi nzuri. Iliwatia watu woga wa kusema, na baadaye, Carafa alipokuwa Papa Paulo IV, ilimweka gerezani hata Kardinali Morone.

Wajesuiti: tazama neno moja lililoongezwa

Tarehe 27 Septemba 1540 Papa aliidhinisha Shirika la Yesu la Ignasi wa Loyola na wenzake, kwanza kwa sharti kwamba wanachama wasizidi 60, sharti lililoondolewa mwaka 1544. Insha nyingi husema Wajesuiti waliundwa ili kupambana na Waprotestanti. Linganisha hati mbili. Ile ya 1540 inasema shirika lipo kwa ajili ya maendeleo ya roho katika maisha na mafundisho ya Kikristo, na kwa ajili ya kueneza imani. Ile ya 1550, iliyotolewa na Papa Yulio III, inasema kutetea imani na kuieneza. Neno kutetea limeongezwa baada ya miaka kumi, na miaka hiyo kumi ndiyo jibu la swali.

Msomaji wa pwani yetu ana ushahidi wake wa karibu. Fransisko Ksaveri, mmoja wa wale kumi wa mwanzo, aliondoka Lisbon Aprili 1541 akiwa balozi wa Paulo III, akakaa Msumbiji miezi ya kungoja upepo, na mwaka 1542 akapita Malindi njiani kwenda Goa. Katika barua yake ya Septemba mwaka huo anasimulia kwamba walimzika Malindi mtu mmoja aliyefariki chomboni, na kwamba Mwislamu mmoja wa heshima wa mji huo alimwuliza kama makanisa ya Ulaya hujaa watu, akilalamika kwamba kati ya misikiti 17 ya mji wao ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa. Watu wawili wa dini mbili, wakizungumza kuhusu ibada kupoa. Wakati huo Ujerumani ilikuwa ikiwaka moto, na mtu wa Papa alikuwa Malindi. Hata hivyo, andika pia kwamba Petro Faber, mwenzake, alikuwapo Regensburg mwaka 1541. Tangu mwanzo safari zilikuwa za pande zote.

Hati ya kuhesabiwa haki: anza na kanuni ya kwanza, si ya tisa

Tangu Juni 1546 hadi tarehe 13 Januari 1547, karibu miezi saba, maaskofu wa Trento walijadili swali la Luther. Zilipatikana sura 16 na kanuni 33. Wanafunzi hurukia kanuni ya 9, inayolaani anayesema kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani peke yake. Wazuie. Waanze na kanuni ya 1, inayolaani anayesema mtu aweza kuhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema. Kisha sura ya 8, inayosema kwamba hakuna kitu kinachotangulia, si imani wala matendo, kinachoistahili neema hiyo. Ndipo wafike ya 9, na wataisoma kwa macho mengine.

Kiswahili hapa kinatupa msaada na mtego kwa pamoja. Tunasema kuhesabiwa haki, kama Biblia ya Kiswahili inavyosema katika Warumi: *wanahesabiwa haki bure kwa neema yake*. Kitenzi hesabiwa kimeelekea upande wa Luther: mdaiwa amefutiwa, ameandikwa kuwa mwenye haki, ingawa ndani bado ni mkosaji. Trento, katika sura ya 7, inasema kwamba hatuhesabiwi tu, bali kwa kweli twaitwa wenye haki, na ndivyo tulivyo. Andika ubaoni vitenzi viwili, *kuhesabiwa* na *kufanywa*, na ugomvi wa karne nzima umesimama mbele ya darasa bila neno moja la Kilatini. Waeleze pia kwamba mjumbe mmoja aliyejitahidi kuziba pengo alikuwa Girolamo Seripando, mkuu wa Waagustino, shirika alilotoka Luther mwenyewe. Pendekezo lake lilikataliwa, lakini lilimlazimisha kila mtu kunoa hoja zake. Luther hakuiona hati hiyo. Alifariki tarehe 18 Februari 1546.

Siku hiyohiyo ya Januari 1547 ilipitishwa amri kwamba askofu asiyekaa jimboni mwake miezi sita mfululizo bila sababu halali apoteze robo ya mapato ya mwaka. Usiiache. Ndilo lalamiko la 1537 limefika mezani baada ya miaka kumi.

Vita, ukoo, na kuhamia Bologna

Mwezi Juni 1546 Papa aliingia mkataba na Kaisari dhidi ya watawala wa Kiprotestanti, akaahidi askari wa miguu 12,000 na wapanda farasi 500, pamoja na fedha. Januari 1547 aliwaondoa askari wake, kwa kuwa ushindi wa Kaisari ulianza kumtisha kuliko Waprotestanti. Machi 1547, ugonjwa ulipozuka Trento, mtaguso ukahamishiwa Bologna, ndani ya nchi za Papa. Maaskofu wa Kaisari walikataa kuondoka. Aprili 24 Kaisari alishinda vita Mühlberg, akiwa sasa na uwezo wa kuwalazimisha Waprotestanti waende Trento, ambako mtaguso haukuwapo tena.

Weka ukoo katika safu ya tatu. Mwaka 1545 Papa alimpa mwanawe Pier Luigi miji ya Parma na Piacenza iwe utawala wake. Tarehe 10 Septemba 1547 Pier Luigi aliuawa Piacenza, na majeshi ya Kaisari yakauchukua mji. Baada ya hapo Papa na Kaisari, watu wawili ambao bila wao mtaguso usingeweza kufanya lolote, hawakuaminiana tena. Bologna haikutoa hati hata moja ya mafundisho, na Septemba 1549 Papa akausimamisha mtaguso.

Unapoandika insha

Chunga vitenzi. Wajesuiti Paulo III *aliwaidhinisha*. Wazo halikuwa lake. Mahakama ya uzushi ya Roma *aliiunda*. Mtaguso *aliuitisha*, lakini hakuumaliza wala kuzithibitisha hati zake: ulifungwa tarehe 4 Desemba 1563, na aliyezithibitisha ni Pio IV mwaka 1564. Ondoa kwenye orodha yake mambo ya wengine: orodha ya Roma ya vitabu vilivyokatazwa ni ya Paulo IV, 1559, amri ya seminari, yaani shule za kuwaandaa mapadri, ni ya mwaka 1563, katekisimu ya Trento na kitabu cha misa ni vya Pio V, 1566 na 1570. Kosa hili ni la kawaida mno, na kalenda yako inalitibu kwa kutazama tu.

Kila aya ya insha ijengwe juu ya mistari miwili ya karatasi inayogusana, si juu ya mstari mmoja. Regensburg pamoja na hati ya Julai 1542. Taarifa ya 1537 pamoja na amri ya 1547. Parma pamoja na Bologna. Aya yenye mstari mmoja itakuambia kilichotokea, lakini haitakuambia kwa nini kilitokea wakati huo.

Karatasi ikifika Novemba 1549, usiikunje. Makardinali waliingia kumchagua mrithi, na Reginald Pole, yule wa taarifa ya 1537, alikosa kiti kwa kura chache sana. Baada ya zaidi ya miezi miwili ya kuvutana, tarehe 7 Februari 1550, alichaguliwa del Monte, msimamizi wa Trento, akajiita Yulio III. Mwaka uliofuata mtaguso ulikaa tena palepale Trento, na safari hii wajumbe wa Kiprotestanti walifika. Karatasi yako ya pili ianzie hapo, kwa safu zilezile nne.